JICHO JEKUNDU SI UGONJWA MMOJA

Leo tunazungumza juu ya jicho linalovimba na kuwa jekundu, na jinsi uvimbe huo unavyoweza kumwondolea mtu uwezo wa kuona.

Karibu kila nyumba yenye watoto imewahi kuona jambo hili. Mtoto anaamka asubuhi, macho yameshikana, matongo yamekauka kwenye kope. Mama anachukua kitambaa na maji ya vuguvugu, anamsafisha taratibu, na baada ya siku chache mtoto amepona na anacheza. Kwa kuwa tumeliona mara nyingi, tumelizoea. Mtu akituambia mtoto ana macho mekundu, tunamjibu, "Yatapoa tu."

Mara nyingi hupoa kweli. Lakini lipo jicho jekundu lingine ambalo siku hizo chache za kungoja ndizo zinazolipofusha. Kwa mbali, macho hayo mawili hufanana. Lengo letu leo ni kukusaidia kuyatofautisha ukiwa nyumbani kwako, kabla hujaamua kungoja au kubeba mtoto kwenda hospitali.

KWA NINI JICHO LIKIVIMBA HUWEZA KUPOFUKA

Tuanze na jicho lenyewe. Mbele kabisa kuna kioo cha jicho. Ndiyo ile sehemu inayong'aa mbele ya duara jeusi. Kioo hiki ni safi kama maji na hakina hata mshipa mmoja wa damu. Nyuma yake kuna pazia lenye rangi, na katikati ya pazia kuna tundu tunaloliita mboni. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Mwisho kabisa, kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, kuna utando unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo.

Kuvimba ni njia ya mwili kupigana na adui. Damu hukimbilia mahali palipovamiwa, pakawa pekundu, pakavimba na kuuma. Vita vikiisha, mara nyingi mwili huacha kovu. Ukijikata mguuni kwa panga, kovu litabaki lakini utaendelea kutembea. Katika jicho mambo ni tofauti. Kovu dogo kama punje ya mtama likikaa katikati ya kioo cha jicho, ni kama mtu amepaka chokaa kwenye dirisha. Nyumba ni nzima, ila mwanga hauingii.

Hapa ndipo penye siri ya mazungumzo yetu ya leo. Dawa huua vijidudu na hutuliza uvimbe, lakini haifuti kovu lililokwisha kukomaa. Upasuaji wa kubadilisha kioo cha jicho upo, ila hufanywa katika hospitali chache na huhitaji kioo kilichotolewa na mtu aliyefariki. Kwa hiyo jicho huokolewa kabla ya kovu, si baada yake.

Kwa mtoto mdogo kuna hatari ya pili. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka yake ya kwanza saba au minane hivi. Jicho moja likizibwa na kovu wakati huo, ubongo hulizoea lile zima na kuliacha lile gonjwa. Hata likitengenezwa akiwa mtu mzima, huenda lisione vizuri tena.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Ukiona jicho jekundu, nawa mikono yako kwa sabuni, msafishe mtoto matongo, kisha jiulize maswali manne.

La kwanza: Je, anaona? Usiulize kabla ya kusafisha, kwa sababu matongo yenyewe hufanya ukungu. Yakishatoka, mtoto aone kama kawaida. Asipoona vizuri, hilo si jicho la kungoja.

La pili: Je, anaumia, au anawashwa tu? Kuwashwa kama mchanga umeingia ni jambo la kawaida katika macho mekundu yanayoambukizana. Maumivu makali ndani ya jicho, yanayomnyima mtoto usingizi, si ya kawaida.

La tatu: Je, mwanga unamchoma? Mtoto anayekataa kutoka nje, anayefunika uso kwa shuka mchana au anayefumba jicho ukifungua dirisha, anakueleza kwamba kioo cha jicho au sehemu za ndani zimeguswa.

La nne: Wekundu uko wapi, na je, kuna doa? Wekundu ukiwa zaidi kwenye pembe za jicho na ndani ya vifuniko, huenda ugonjwa uko juu juu. Wekundu ukizunguka lile duara jeusi kama pete, tatizo liko kwenye kioo au ndani zaidi. Doa jeupe au la kijivu juu ya duara jeusi ni hatari kubwa.

Basi kumbuka hivi: macho mawili, matongo, kuwashwa kidogo na kuona vizuri, kwa kawaida ni ugonjwa wa nje unaopona. Jicho linalouma, linalochukia mwanga na kuona ukungu, hata kama halina tongo hata moja, lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunaogopa matongo kwa sababu yanaonekana, na tunapuuza jicho kavu linalouma.

Sasa tutazame sura za ugonjwa huu, moja baada ya nyingine.

MTOTO MCHANGA MWENYE MATONGO

Sura ya kwanza ni ya mtoto ambaye hajafikisha siku 28. Hapa kanuni ya kungoja haipo kabisa. Mtoto mchanga mwenye vifuniko vya macho vilivyovimba na usaha unaotoka ni mgonjwa wa dharura, hata kama ananyonya vizuri.

Mara nyingi mtoto huyu ameambukizwa wakati wa kuzaliwa, alipopita katika njia ya uzazi. Vijidudu vya kisonono huonekana mapema, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano. Usaha huwa mwingi, na ukiupangusa unarudi. Vijidudu hivi vinaweza kutoboa kioo cha jicho katika muda mfupi sana, hata siku moja au mbili. Vijidudu vya klamidia huchelewa kidogo, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi na nne.

Tangu miaka ya 1880, daktari Mjerumani aitwaye Credé alipoonyesha kwamba dawa ikitiwa machoni mara baada ya kuzaliwa huzuia upofu huu, wakunga duniani wamefuata desturi hiyo. Siku hizi hutumika marhamu ya tetrasaiklini. Ukijifungulia hospitali, hakikisha mtoto amepakwa. Ukijifungulia nyumbani au njiani, mpeleke kituo cha afya mara moja na uulize dawa ya macho.

Mtoto akishaugua, matone peke yake hayatoshi. Huhitaji sindano au dawa ya kumeza, kulingana na kijidudu. Mama na baba pia hutibiwa. Akina mama, hapa pasiwe na aibu wala lawama. Magonjwa haya huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, na mtu asijue. Kilicho muhimu ni kwamba ninyi wawili mmetibiwa na mtoto anaona.

MTOTO MWENYE SURUA NA ALIYEKOSA VITAMINI A

Sura ya pili ni ya mtoto mdogo anayeugua surua. Surua huanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, ndipo vipele vinatokea. Kwa mtoto mwenye lishe nzuri, macho hayo hupona. Kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A, surua humaliza ile akiba ndogo aliyokuwa nayo. Kioo cha jicho hukauka, huwa laini, na kinaweza kuoza kwa siku chache tu. Huyu ndiye mtoto ambaye watu husema "surua ilimtoboa macho."

Kwa hiyo mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitalini, leo na kesho yake, hata kama macho yake bado ni mazuri. Usiseme ni vipele vya kawaida, vitaisha nyumbani.

Kinga iko mikononi mwako. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akifika miezi 9, na ya pili akifika miezi 18. Wengi hukumbuka ile ya kwanza na kusahau ya pili. Vitamini A huanza kutolewa akifika miezi 6, kisha kila baada ya miezi 6 mpaka afikishe miaka mitano. Fungua kile kitabu cha kliniki uone palipo wazi. Jikoni, mpe mtoto maembe, mapapai, karoti, malenge, viazi vitamu vya rangi ya manjano ndani, sukuma wiki, mchicha, mayai na maini. Na kabla ya hapo, mnyonyeshe.

Ukiona mtoto wako anajikwaa jioni, anatafuta mlango kwa kupapasa giza likianza kuingia ilhali wenzake wanakimbia, usimwite mzembe. Kutoona gizani ni dalili ya mapema ya kukosa vitamini A.

TRAKOMA: UVIMBE UNAORUDI RUDI

Sura ya tatu haina haraka. Huchukua miaka. Ni trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Katika Kenya, ugonjwa huu umeonekana zaidi katika maeneo makavu na ya wafugaji, kama Turkana, Samburu, Narok, Kajiado, Baringo na Pokot Magharibi.

Trakoma huletwa na kijidudu cha aina ya klamidia. Huenezwa kwa vidole, kwa leso na vitambaa vinavyotumiwa na watu wengi, na kwa nzi wanaotua kwenye macho na pua za watoto. Mtoto akiugua mara moja na kupona, hakuna hasara kubwa. Shida ni kwamba huambukizwa tena na tena. Kila mara upande wa ndani wa kifuniko cha juu huvimba, na kila mara huacha kovu dogo. Baada ya miaka mingi makovu hayo huvuta kifuniko na kukikunja kuelekea ndani. Kope zikageuka na kuanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Hebu fikiria ufagio unaosugua kioo mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana mtoto ndiye mwenye vijidudu, lakini anayepofuka ni mama yake au nyanya yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto, kuwapangusa na kulala nao. Mama, unapouosha uso wa mtoto wako unajilinda wewe mwenyewe.

Kazi ya kuimaliza trakoma ina sehemu nne: upasuaji mdogo wa kurekebisha kifuniko kilichokunjika, dawa ya azithromaisini inayogawiwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira safi yenye maji na vyoo. Njia hii imefaulu. Oman ilithibitishwa kuwa imeishinda trakoma kama tatizo la afya ya umma mwaka 2012, Ghana mwaka 2018 na Malawi mwaka 2022. Wagawaji dawa wakifika kijijini kwako, mezeni wote, hata ambao macho yao hayaumi, isipokuwa mgawaji akikuambia vingine.

Na kama nyanya ana kibanio cha kung'olea kope alichofunga kwenye pembe ya leso yake, tafadhali mwelekeze kwa daktari wa macho. Kope ikivunjika huota tena, fupi na kali. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

MACHO YANAYOWASHA MWAKA MZIMA

Sura ya nne utaiona kwa watoto wa shule, zaidi wavulana. Macho yanawasha, mtoto anayasugua asubuhi hadi jioni, yanatoa utelezi mweupe unaovutika kama uzi, na sehemu nyeupe ya jicho inaanza kuwa na rangi ya udongo. Huu ni mzio, si ugonjwa wa kuambukiza. Huweza kupungua na kurudi kwa miaka mingi, na wengi huachana nao wakifika utu uzima.

Wachache hupata kidonda juu ya kioo cha jicho, na kusugua kila siku kunaweza kukiharibu umbo lake. Lakini kinachotutia hofu zaidi ni dawa. Mama amechoka kumwona mtoto akijisugua, anakwenda duka la dawa, anauziwa chupa ndogo yenye steroidi. Siku ya pili macho yametulia, meupe kabisa! Chupa ikiisha, anarudi kununua nyingine, na nyingine.

Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari wa macho. Ikitumiwa miezi na miezi bila kupimwa, hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha hiyo mara nyingi haiumi. Jicho ni jeupe, mtoto hasumbuki, na huku uwezo wa kuona unapungua kutoka pembeni kuja katikati. Kilichopotea kwa presha ya jicho hakirudi. Kwa hiyo uliza kila unapouziwa dawa ya macho: "Je, hii ina steroidi?" Kama ina steroidi na hakuna daktari wa macho aliyemtazama mtoto, usiitumie.

Nyumbani, mwoshe uso kwa maji safi ya baridi, mwekee kitambaa chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, na umzoeze kutosugua. Kofia yenye ukingo humkinga na jua na vumbi.

JICHO LILILOCHOMWA NA JANI AU KIJITI

Sura ya tano ni ya shambani. Jani la mahindi limempiga mtoto, au kijiti, au kapi la nafaka wakati wa kupura. Siku ya kwanza jicho linatoa machozi. Siku ya pili linauma. Siku ya tatu kuna doa jeupe juu ya duara jeusi. Hicho ni kidonda cha kioo cha jicho. Vijidudu vya kawaida vinaweza kukiingia, na hata ukungu unaoota kwenye majani makavu, ambao dawa za kawaida za macho haziuui.

Jicho hili liende hospitali kabla doa halijatokea. Usitie steroidi, kwa sababu humlisha adui. Na usitie dawa za kienyeji. Nasema haya kwa heshima, maana wazee wetu walitumia walichokuwa nacho. Lakini majani yaliyotafunwa, maji ya mizizi, mkojo, sukari, majivu au maji ya chumvi yaliyochanganywa kwa kukisia, vyote hupeleka uchafu au ukali juu ya kidonda kibichi. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto. Yaende mdomoni, si machoni.

UVIMBE WA NDANI YA JICHO

Sura ya mwisho ndiyo inayokosewa sana, na mara nyingi mgonjwa ni mtu mzima. Huenda ni wewe mama mwenyewe. Jicho moja linauma, lina pete nyekundu kuzunguka duara jeusi, linachukia mwanga na kuona ukungu. Hakuna matongo, ni machozi tu. Ukitazama vizuri, mboni ni ndogo kuliko ile ya upande wa pili, au si duara kamili.

Hapa kilichovimba ni pazia la ndani na sehemu zilizo nyuma yake. Majimaji ya ndani ya jicho huwa mazito, pazia likanata kwenye lenzi, maji yakakosa njia na presha ikapanda. Lenzi inaweza kugeuka kuwa mtoto wa jicho, na utando wa nyuma unaweza kuvimba na kuharibika. Mgonjwa hupata nafuu, miezi ikapita, uvimbe ukarudi. Kila unaporudi huchukua sehemu yake ya macho na kwenda nayo.

Daktari wa macho atatia matone ya kufungua mboni ili pazia lisigande, pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe. Pia atatafuta chanzo, kwa sababu jicho hili mara nyingi husema habari za mwili mzima. Usishangae ukiulizwa juu ya kikohozi au kutumwa picha ya kifua, maana kifua kikuu huweza kuingia jichoni. Utapimwa damu kuangalia kaswende na virusi vya UKIMWI. Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso, na hasa vipele vikifika ncha ya pua, usingoje jicho liume. Nenda siku hiyo.

Watoto pia hupata uvimbe huu, na wao wana hila yake. Mtoto mwenye ugonjwa wa viungo, ambaye magoti yake huvimba kwa wiki nyingi, anaweza kuvimba ndani ya jicho bila wekundu na bila maumivu. Mtoto kama huyo apimwe macho mara kwa mara, hata kama halalamiki.

Na ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kama jicho la paka, iwe na wekundu au isiwe nao, mpeleke hospitali kubwa upesi. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa mtoto huokolewa.

KINACHOFAA NYUMBANI

Kwa macho mekundu ya kawaida yanayoambukizana, kama yale yaliyoenea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani mwanzoni mwa mwaka 2024, mara nyingi chanzo ni virusi, na mwili huvishinda wenyewe kwa wiki moja au mbili. Kazi yako ni usafi. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa. Safisha matongo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kitambaa safi, ukitoka upande wa pua kwenda nje, na kila jicho kitambaa chake. Taulo na mto visichangiwe. Mtoto abaki nyumbani mpaka macho yatulie. Wekundu ukipita siku tatu bila dalili ya kupungua, nenda kituo cha afya.

Dawa ya macho ya jirani ni ya jirani. Chupa iliyofunguliwa ikitimiza mwezi mmoja, itupe. Ile iliyobaki tangu mwaka jana haifai, hata kama imo nusu.

Mara moja moja mpime mtoto wako. Mfunike jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, umwonyeshe kitu kidogo kilicho mbali kidogo, kisha ubadilishe. Mtoto mchanga asiyejua kusema atakuambia kwa njia yake: akilia na kuusukuma mkono ukifunika jicho la kulia, lakini akitulia ukifunika la kushoto, huenda la kushoto halioni.

Mhudumu wa afya ya jamii akija kwako, mwonyeshe jicho linalokutia wasiwasi. Kituo kidogo kikishindwa, omba barua ya kupelekwa kwa daktari wa macho katika hospitali ya kaunti. Hospitali za macho pia zipo, kama vile Kikuyu, Sabatia katika Kaunti ya Vihiga, na Kwale kule Pwani.

Kabla hatujaagana, tuyarudie yale ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: mtoto mchanga mwenye usaha machoni, jicho linalouma sana, jicho linalochukia mwanga, jicho linaloona ukungu hata baada ya kusafishwa, doa jeupe juu ya duara jeusi, jicho lililochomwa au kupigwa, mboni inayong'aa nyeupe, na macho mekundu ya mtoto mwenye surua. Ni mambo manane. Yaandike nyuma ya kitabu cha kliniki, na umsomee yule unayemwachia mtoto ukienda kazini au sokoni, kwa sababu jicho halichagui siku ambayo mama yuko nyumbani.